Bendera, setilaiti na ngome: historia iliyo jirani na Kibera na Kawangware

Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Kenya ikapandishwa katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, kusini mwa Kibera. Leo mahali hapo panaitwa Uhuru Gardens, na wengi hupachanganya na Uhuru Park iliyo karibu na katikati ya jiji la Nairobi. Kutoka Kibera ni mwendo wa miguu. Hata hivyo, mtoto wa Kibera husimuliwa tukio hilo kana kwamba lilitokea nchi nyingine.

Kwa miaka mingi sikukuu za kitaifa zimeingia madarasani kwa hotuba, gwaride na nyimbo za kwaya. Mtoto huijua tarehe, mahali hapajui. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, ambako shule nyingi ni za jamii, zimejengwa kwa mabati, na kitabu kimoja husomwa na wengi, mahali ndipo penye utajiri wa kufundishia.

Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, ina kisa cha pili ambacho hata watu wazima wengi hawajakisikia. Mwaka 1970, siku ileile ya sikukuu, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, kazi ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ilikuwa ya NASA. Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji waliokuwa wakisherehekea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kwa kazi moja tu: kuchunguza eksirei zitokazo angani.

Kwa nini Malindi? Swali hilo peke yake linatosha kipindi kizima cha sayansi. Iko karibu na ikweta, ambako kasi ya mzunguko wa dunia ni kubwa zaidi, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tena chombo kinachozunguka juu ya ikweta hulikwepa eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo. Na ilibidi chombo hicho kipande juu, kwa sababu eksirei za nyota hazifiki ardhini, hewa huzizuia. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya chanzo kimoja, Cygnus X-1, viliwasogeza wanasayansi karibu na kuamini kwamba wameliona shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza timu ya watafiti, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Sioni sababu ya mtoto wa darasa la sita kuimba wimbo wa uhuru kila mwaka bila kuambiwa habari hii.

Kawangware ina somo lake la Siku ya Mashujaa. Iko Dagoretti, na Dagoretti ndiko Mwingereza Lugard alikojenga ngome ya IBEA, kampuni ya Waingereza, mwaka 1890, baada ya kupatana na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayakudumu. Ngome iliteketezwa, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Barabara kuu yenye jina lake inapita Kangemi, ng'ambo tu ya Kawangware. Makanga hulitangaza jina hilo kutwa nzima.

Hata Mazingira Day ina mahali pake jirani: Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotangazwa Desemba 1946, ni ya kwanza nchini, na iko kilomita chache tu kutoka Kibera. Kiingilio na basi la kukodi ndivyo vinavyoiweka mbali.

Kalenda yenyewe pia imebadilika. Oktoba 20 ilikuwa Kenyatta Day mpaka katiba ya 2010 ilipoifanya Mashujaa. Oktoba 10 ilikuwa Moi Day, ikawa Utamaduni Day, na tangu 2024 ni Mazingira Day. Chati ya ukutani iliyochapwa zamani humfundisha mtoto sikukuu ambazo hazipo.

Shida nyingine ni likizo. Ifikapo Desemba 12 madarasa yamefungwa, kwa hiyo somo la Jamhuri lazima litolewe mapema, pamoja na kazi ya kwenda nayo nyumbani: ramani ya kuchora kwa mkono ya njia ya kwenda Uhuru Gardens, na maswali ya kumuuliza mzee wa mtaa. Kibera wazee wa kuulizwa wapo. Mababu wa Wanubi wa mtaa huo walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu wao wakasubiri hati ya ardhi hadi 2017, ilipotolewa ya ekari 288. Mtoto aulize ilikuwaje wakangoja zaidi ya miaka 50 baada ya bendera kupandishwa ng'ambo ya barabara.