Katazo la Pombe Katika Enzi ya Viuavijasumu

Katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, maelekezo anayopewa mgonjwa pamoja na viuavijasumu, yaani dawa za antibiotiki zinazoua bakteria au kuzizuia zisizaliane, kwa kawaida ni mafupi: idadi ya vidonge na mara za kumeza huandikwa juu ya kifuko kwa mtindo wa 1 × 3, kisha hufuata kwa mdomo agizo la kumaliza dozi na katazo la pombe. Katazo hilo hutolewa mara nyingi bila kubagua, iwe dawa ni amoksilini ya kikohozi au metronidazoli ya kuhara damu, na wengi wanaolisikia huamini kwamba nyuma yake ipo kanuni moja ya kikemia iliyogunduliwa pamoja na dawa zenyewe. Historia ya tiba inaonyesha vingine. Katazo lilikuwapo kabla ya penisilini, liliingia katika enzi ya viuavijasumu likiwa limebebwa zaidi na kliniki za magonjwa ya zinaa, na sababu za kikemia, ambazo kwa dawa chache ni za kweli, zilikuja baadaye zikalikuta limekwisha kukaa.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1916 ziliweka utaratibu wa kliniki ambamo wagonjwa wa kaswende na kisonono wangetibiwa bure na kwa siri. Kaswende ilitibiwa kwa dawa za jamii ya Salvarsan, mchanganyiko wenye aseniki uliotoka katika maabara ya Paul Ehrlich mjini Frankfurt na kuanza kuuzwa mwaka 1910. Kisonono hakikuwa na dawa ya kukiua, na tiba yake ilikuwa kusafisha njia ya mkojo kwa maji yaliyotiwa pamanganeti ya potasiamu, kazi yenye maumivu iliyorudiwa kwa majuma kadhaa. Kwa kuwa daktari hakuwa na mengi ya kumpa mgonjwa wa namna hiyo, alimpa masharti: apumzike, anywe maji kwa wingi, aepuke viungo vikali, asikutane kimwili na mtu, na asionje pombe ya aina yoyote. Sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba pombe huuchokoza mfereji wa mkojo uliokwisha kuvimba na kuurudisha usaha uliokwisha kukatika. Sababu ya pili haikuhitaji kuandikwa, kwani mlevi husahau haraka ahadi aliyompa daktari, na akirudi kwa wapenzi wake kabla ya kupona ugonjwa huendelea kuzunguka. Katika sharti hilo moja tiba na maadili vilikuwa vimeshikana kiasi kwamba hata aliyelitoa asingeweza kusema kipi kinaishia wapi.

Penisilini iliingia katika mazingira hayo. Alexander Fleming aliuona ukungu wake katika Hospitali ya St Mary's, London, mwezi Septemba 1928, lakini ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kundi la Oxford lililoongozwa na Howard Florey, pamoja na Ernst Chain na Norman Heatley, kuigeuza kuwa dawa. Tarehe 25 Mei 1940 walidunga panya 8 vijidudu vya kuua. 4 waliopewa penisilini walinusurika, na 4 wasiopewa walikufa. Shida iliyobaki ilikuwa wingi. Ukungu ulizalisha dawa kidogo mno, na Heatley, aliyekuwa hodari wa kubuni vifaa kutokana na chochote kilichokuwa karibu, alikuta kwamba chombo bora cha kuuoteshea kilikuwa cha umbo la bakuli la choo la mgonjwa wa kitandani, akaagiza vyombo vya udongo vya mfano huo kutoka kwa wafinyanzi wa Staffordshire.

Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dhati alikuwa Albert Alexander, askari polisi aliyekuwa amejaa majipu ya usaha usoni na kichwani, aliyeanza kudungwa Februari 1941. Penisilini hukaa mwilini kwa muda mfupi sana. Figo huichuja kwa kasi, na sehemu kubwa ya dozi hutoka katika mkojo ndani ya saa chache ikiwa bado na nguvu yake. Kwa hiyo mkojo wa polisi huyo ulikusanywa na kupelekwa maabara kwa baiskeli, ambako ulipozwa, ukatiwa asidi, ukatikiswa na kiyeyushi ambacho penisilini hukipenda kuliko maji, kisha dawa ikarudishwa katika maji yenye alkali kidogo na kudungwa tena kwa mgonjwa yuleyule. Alipata nafuu kubwa, lakini akiba ilipokwisha ugonjwa ulirudi, akafariki Machi 1941.

Uhaba huo ndio unaoipa uzito simulizi moja inayotajwa sana kila asili ya katazo la pombe inapojadiliwa. Inahusishwa na Ian Fraser, daktari mpasuaji wa Belfast aliyesimamia majaribio ya penisilini kwa majeruhi wa jeshi la Uingereza huko Afrika Kaskazini mwaka 1943. Kwa mujibu wake, mkojo wa askari waliotibiwa ulikusanywa ili penisilini ipatikane tena, lakini waliokuwa wakipata nafuu waliruhusiwa bia, na bia iliongeza mkojo kiasi cha kuifanya kazi ya kuichuja dawa kuwa ngumu; wakubwa wakaamua kuikataza. Kisayansi simulizi hiyo haina kasoro, kwa sababu pombe huipunguza homoni inayoziagiza figo kuhifadhi maji, na mkojo mwingi uliozimuliwa unahitaji asidi nyingi zaidi na kiyeyushi kingi zaidi kwa dawa ileile. Kihistoria, hata hivyo, inabebeshwa mzigo usiouweza. Ilikuja kwa masimulizi ya mdomo ya baadaye, inahusu bia ya wanajeshi wachache katika kipindi kifupi, na sababu yake ilikufa mara viwanda vya Marekani vilipoanza kuzalisha penisilini kwa matangi makubwa. Baada ya mwaka 1946, dawa ilipoanza kupatikana kwa raia wa Uingereza kwa cheti cha daktari, hakuna aliyekuwa na haja ya kuchuja mkojo wa mtu. Kama katazo lingetegemea mkojo peke yake, lingekwisha pamoja na vita.

Lililolibakiza linaelekea kuwa wagonjwa wenyewe. Katika mwaka uleule wa 1943 makamanda wa Afrika Kaskazini walilazimika kuchagua kati ya majeruhi na askari wenye kisonono, na penisilini ilipewa hao wa pili, kwa kuwa wangerudi mstari wa mbele baada ya siku chache. Mwaka huohuo John Mahoney aliripoti kutoka Marekani kwamba penisilini inaponya kaswende. Dawa mpya ikawa ndiyo dawa kuu ya kliniki za zinaa, na mgonjwa aliyewahi kusafishwa kwa pamanganeti sasa alidungwa sindano, akiwa mbele ya madaktari na wauguzi walewale wenye masharti yaleyale. Ili kuwatendea haki, kulirudia sharti hilo hakukuwa na hasara yoyote kwa kliniki, na faida yake ya kumzuia mgonjwa asiende baa kabla ya kupona ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni maana iliyosikiwa na mgonjwa: zamani alielewa kwamba pombe inadhuru kidonda chake, sasa alielewa kwamba inaharibu dawa.

Maelezo ya kikemia yalipatikana kwingine kabisa. Jens Hald na Erik Jacobsen wa Copenhagen, waliochapisha matokeo yao mwaka 1948, walikuwa wakiichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo, na kwa desturi ya watafiti wa wakati huo walijijaribia wenyewe. Kila walipoonja pombe baada ya kumeza vidonge, uso uliwaka, moyo ulidunda mbio, kichwa kiliuma na tumbo lilichafuka. Daktari wa kiwanda huko Marekani, E. E. Williams, alikwisha kuandika mwaka 1937 kwamba wafanyakazi waliogusa kemikali za jamii hiyo, zinazotumika kutayarisha mpira, walishindwa kunywa hata bia. Ini huibadili pombe kwa hatua mbili, ya kwanza ikiigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, na ya pili ikiigeuza asetaldehidi kuwa asetati isiyodhuru. Disulfiramu hukifunga kimeng'enya, yaani protini inayoendesha badiliko la kikemia, cha hatua ya pili, na sumu hurundikana katika damu. Dawa hiyo iliuzwa kwa jina la Antabus kwa watu waliotaka kuacha ulevi. Tangu hapo, mgonjwa yeyote aliyetapika baada ya kuchanganya dawa na kinywaji alikuwa na maelezo yanayomsubiri.

Metronidazoli ndiyo iliyoyapokea maelezo hayo kwa ukamilifu zaidi. Ilitoka katika maabara za kampuni ya Kifaransa ya Rhône-Poulenc mwishoni mwa miaka ya 1950 na kujulikana kwa jina la Flagyl, ikikusudiwa kuitibu trikomonasi, kijidudu kinachoambukizwa kwa njia ya ngono. Kwa mara nyingine, basi, dawa iliyohusishwa na pombe ilianzia katika kliniki za zinaa. Matumizi yake yalipanuka kwa njia ambazo hakuna aliyezipanga: mwaka 1962 daktari wa meno D. L. S. Shinn wa London aliandika kuhusu mwanamke aliyetibiwa trikomonasi na ambaye fizi zake zilizokuwa zikioza zilipona pia, na mwaka 1966 madaktari wa Durban waliripoti kwamba dawa hiyo inaponya kuhara damu kwa amiba na jipu la ini linalotokana nayo. Ni matumizi haya ya mwisho yaliyoifanya Flagyl iwe dawa ya nyumbani Afrika Mashariki, ikimezwa kwa karibu kila tumbo linalosokota, mara nyingi bila kupimwa choo.

Mwaka 1964 Jo Ann Taylor aliripoti nchini Marekani kwamba walevi waliopewa metronidazoli walipoteza hamu ya pombe, na wengine walijisikia vibaya walipokunywa. Ripoti hiyo ilizua matumaini kwamba Antabus nyingine imepatikana. Majaribio yaliyofuata, yenye makundi ya kulinganishia, hayakuyathibitisha matumaini hayo, ila tahadhari ya pombe ilibaki katika vitabu na katika karatasi za maelezo. Jaribio lililolenga swali lenyewe lilichapishwa mwaka 2002 na kundi la watafiti wa Finland: wanaume 12 wenye afya walipewa metronidazoli au kidonge kisicho na dawa, kisha pombe, na asetaldehidi katika damu yao haikupanda wala hawakuonyesha dalili za aina ya Antabus. Wanaume 12 wasio wagonjwa ni ushahidi mdogo, na hauondoi uwezekano kwamba mtu mmoja mmoja hudhurika kwa njia nyingine; lakini katazo lenyewe lilikuwa limekaa karibu miaka 40 juu ya ushahidi mwembamba kuliko huo.

Zipo dawa ambazo kwazo katazo lina mizizi ya kweli, na kuzichanganya na nyingine ndiko kulikolidhoofisha. Sefalosporini, jamii ya dawa iliyotokana na ukungu ambao Giuseppe Brotzu aliupata mwaka 1945 baharini karibu na mdomo wa bomba la maji machafu mjini Cagliari, kwa sehemu kubwa hazina ugomvi na pombe. Chache tu, kama sefoperazoni, zina kipande cha pembeni cha molekuli kinachokifunga kimeng'enya kilekile kinachofungwa na Antabus. Linezolidi ina shida na bia ya kumiminwa kutoka pipani kwa sababu ya tiramini, kitu kinachoweza kupandisha shinikizo la damu. Doksisiklini huondolewa mwilini upesi zaidi kwa mtu aliyezoea kunywa sana kwa muda mrefu.

Kubwa kuliko yote ni isoniazidi ya kifua kikuu, iliyoanza kutumika mwaka 1952 na ambayo historia yake inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970 ndiyo yaliyosaidia kufupisha tiba kutoka mwaka mmoja na zaidi hadi miezi sita. Isoniazidi inaweza kuliumiza ini, na uchunguzi wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba wanywaji wa kila siku walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata homa ya ini. Hapa tahadhari haitegemei asetaldehidi wala maadili ya kliniki. Ini linalofanya kazi mbili nzito kwa miezi sita linachoka. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyelisikia sharti lilelile alipopewa amoksilini ya siku tano, akalivunja na asione lolote, hana sababu ya kudhani kwamba safari hii ni jambo jingine.

Kwamba watu wameliamini katazo kuliko ushahidi wake kulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na jarida la BMJ, uliowauliza watu zaidi ya 300 waliohudhuria kliniki ya magonjwa ya zinaa ya London: asilimia 81 waliamini kwamba pombe huizuia antibiotiki kufanya kazi, na asilimia 71 kwamba huleta madhara. Hakuna shaka kwamba mgonjwa mwenye homa anayekunywa hukosa usingizi, hupoteza maji na husahau vidonge vyake, lakini hayo hayakuwa majibu waliyoyatoa. Mapitio ya ushahidi yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihitimisha kwamba kwa viuavijasumu vingi hofu hiyo haina msingi madhubuti, na mwaka 2021 mwongozo wa Marekani wa kutibu magonjwa ya zinaa ukaandika kwamba hakuna haja ya kuacha pombe kwa sababu ya metronidazoli. Karatasi za maelezo zinazofungwa pamoja na vidonge hivyohivyo hazijaufuata mwongozo huo: za Marekani bado humtaka mgonjwa akae siku tatu baada ya kidonge cha mwisho ndipo anywe, na za Uingereza humtaka akae saa 48.