Omobari, Fundi wa Kichwa

Msafiri atokaye mji wa Kisii kuelekea Kisumu, akipita Nyakoe penye migomba na mashamba ya chai, huenda asidhani kwamba katika milima hii ya Wagusii walikuwako, tangu zama zisizoandikwa, mafundi waliothubutu kulifungua fuvu la mtu aliye hai, kisha wakamrudisha kwake na fahamu zake timamu. Fundi huyo kwa Kigusii huitwa omobari, wala si mganga wa mitishamba. Ujuzi wake aghalabu baba alimrithisha mwana, na mwana alishika maji ya kuoshea damu miaka mingi kabla ya kuaminiwa kukishika kisu.

Aliyepigwa rungu au kuanguka, kisha maumivu ya kichwa yakamganda mwezi baada ya mwezi, ndiye aliyelazwa kivulini, jamaa zake wakimshika, na zama hizo hapakuwa na dawa ya ganzi. Omobari alipasua ngozi, akaikunjua, akaukwangua mfupa taratibu mno, huku msaidizi akimimina maji kuosha damu, mpaka utando wa ubongo ukaonekana ukipwita. Hapo mkono ulisita, kwa kuwa kuutoboa utando ule ni kuyakaribisha mauti. Mimi hustaajabia kule kusita kuliko kule kukata.

Habari hizi ziliandikwa na Margetts, tabibu wa maradhi ya akili aliyehudumu hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, na baadaye Furnas na wenzake, mwaka 1985.

Fuvu la mtu mzima ni chungu kisichopanuka, na kila tabibu wa kichwa hushindana na chungu hicho. Mwaka 1999, huko Edinburgh, tabibu Jalan na wenzake waliuguza watu 7 ambao maini yao yalifeli ghafula, amonia ikapanda katika damu hata ubongo ukavimba. Hao hawakufunguliwa fuvu ili kuupa ubongo nafasi, maana damu ya mgonjwa wa ini haigandi sawasawa na kisu ni hatari kwake. Walipozwa mwili mzima hata nyuzi 32 au 33, na msukumo wa kichwani ukashuka. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilidhihirisha kwamba kupoza mapema, kabla ya uvimbe, hakukuwa kinga.

Sidai kwamba omobari aliyajua ya ini na amonia. Aliijua kazi ya mkono wake, na walikuwapo waliomrudia mara kadhaa, hata ukiwapapasa kichwa, chini ya nywele, kidole hukuta pahali laini pasipo mfupa.