Gumzo la Sokoni Lilipoingia Kwenye Hesabu

Matatu ikishaiacha Sondu na kupanda kuelekea Kabondo, kando ya barabara huanza kuonekana magunia ya viazi vitamu, yamejazwa hadi yakavimba juu. Baada ya hapo ni Oyugis. Nimekuja kufuata nyayo za watafiti waliopita huku na hojaji mikononi, kwa sababu naamini walichokipata ni kikubwa kuliko tunavyokizungumzia sisi wenyewe.

Nyayo za kwanza ni za Carol Ember, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekaa na Wajaluo wa huku mwishoni mwa miaka ya 1960. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: je, mvulana huzaliwa mkali, au hulelewa akawa hivyo? Katika boma lisilo na binti wa umri wa kufaa, mvulana ndiye aliyetumwa maji, akabeba mtoto mgongoni, akakaa jikoni. Ember aliwatazama watoto na kuandika nani kapiga, nani kaamrisha wenzake, nani kasaidia. Mwaka 1973 alichapisha matokeo: wavulana waliopewa kazi nyingi za ndani ya nyumba hawakuwa wagomvi na wababe kama wenzao. Jambo ambalo watu wengi wangeliita maumbile, hesabu ililikuta limekaa karibu na mafiga.

Lakini Ember alihesabu matendo, na tendo linaonekana. Imani utaihesabuje?

Swali hilo lilikuwa tayari linawasumbua watu kwingine. Mwaka 1961 Serge Moscovici alitoa kitabu kilichochunguza jinsi Wafaransa wa kawaida walivyoichukua nadharia ya wataalamu wa nafsi na kuifanya mazungumzo yao ya kila siku. Mwenzake Claude Flament akabuni njia ya kuchora fikra hizo kama mti: maneno ambayo watu huyataja pamoja mara nyingi huunganishwa kwa mstari, na mistari dhaifu hukatwa hadi libaki tawi lenye nguvu. Mwaka 1986, Marekani, Romney, Weller na Batchelder walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba unaweza kuwauliza watu maswali ambayo wewe mwenyewe hujui majibu yake, kisha ukapima wanavyokubaliana wao kwa wao, na makubaliano hayo yakakuambia lipi ndilo jibu la jamii na nani analijua vizuri. Mimi huona uzuri mkubwa katika hilo. Mgeni halazimiki kuja na jibu lake mfukoni.

Njia hizo zote, hata hivyo, huchora mawazo bila kuchora njia yanamopita. Pengo hilo ndilo lililozibwa huku, Nyanza Kusini, kupitia swali la uzazi wa mpango.

Kenya ilikuwa inabadilika haraka. Hesabu za kitaifa za 1977–78 zilionyesha wastani wa watoto 8.1 kwa mwanamke. Kufikia 1993 ulikuwa 5.4. Kliniki zilikuwepo, na redio ilitangaza. Lakini Susan Watkins wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na Naomi Rutenberg walishuku kwamba uamuzi wa kupanga uzazi ulikuwa unaiva kwingine: kisimani, shambani, kwenye nyoluoro, yaani kile chama cha akina mama cha kuchangiana. Kuanzia 1994 timu yao ilifanya kazi katika sehemu nne: Obisa, upande wa Oyugis; Kawadhgone; Owich, Gwassi; na Wakula Kusini, kisiwani Mfangano. Waliwahoji wanawake wapatao 900 pamoja na waume zao, wakarudi tena 1996–97, kisha 2000.

Hawakuishia kumuuliza mama kama anapanga uzazi. Walimuuliza amepiga gumzo na nani kuhusu jambo hilo. Kwa Kijaluo gumzo huitwa mbaka, na mbaka si mkutano wala semina. Mama alitaja wenzake, na habari za hadi wanne kati yao zikaandikwa: ni ndugu au jirani, anadhani wanatumia njia yoyote, na je, wao kwa wao wanajuana?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa. Watu wanne wana jozi sita. Ikiwa jozi zote sita zinajuana, mtandao wa mama huyo umesongamana kabisa. Ikiwa ni jozi mbili tu, msongamano ni theluthi moja. Ni hesabu ya kidato cha kwanza, lakini hebu iweke ndani ya boma. Mwanamke wa Kijaluo huolewa akahamia kwa mume, na kwa miaka mingi huitwa kwa alikotoka: nyar Kano, nyar Gem, yaani binti wa Kano, binti wa Gem. Anaozungumza nao ni mama mkwe, wake za shemeji zake, pengine nyieka, mke mwenza. Wote wanajuana. Akilitamka neno la sindano au vidonge asubuhi, jioni limeshazunguka boma zima. Sokoni, aliyekuja na bidhaa kutoka Sondu hamjui mama mkwe wa mtu.

Mwaka 2001 Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Watkins walichapisha walichokipata. Pale ambapo biashara ilikuwa haba, mtandao ulifanya kazi kwa shinikizo: watu wanaojuana wanashikana, na mama hufuata walipo wenzake. Obisa, penye pilikapilika za soko, mtandao ulifanya kazi kama shule: mama anachukua habari kwa huyu, anazilinganisha na za yule, anaamua. Nguo ni ile ile, ila mfumo wa nyuzi ni tofauti. Maelezo ya boma na soko ni yangu. Tofauti yenyewe imo kwenye takwimu zao.

Wapo waliouliza: je, si kwamba mama huwachagua marafiki wanaofanana naye tangu mwanzo? Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo sababu kurudi kwa watu wale wale kulikuwa na maana. Mwaka 2002 Behrman, Kohler na Watkins walipolinganisha duru za uchunguzi, nguvu ya marafiki ilibaki, na hatua kubwa ilikuwa ile ya rafiki mmoja tu. Mwanamke aliyeamini kwamba japo mwenzake mmoja anatumia njia ya kupanga uzazi alikuwa tofauti kabisa na asiyekuwa na hata mmoja. Nasema aliyeamini, kwa kuwa kilichopimwa ni dhana yake kuhusu wenzake. Mtu hutembea kwa ramani iliyo kichwani mwake.

Kufikia 1998 watafiti hao walikuwa wameyapeleka maswali yao Malawi, ambako yaliulizwa kwa miaka mingi baadaye.

Jua linaelekea kuzama sokoni Oyugis. Muuza omena anapima gorogoro, anaongeza konzi ya juu, kisha anainama kumnong'oneza mnunuzi. Mnunuzi anaweka kikapu chini. Mwanamke wa tatu, aliyekuwa anapanga nyanya zake, anasogea. Nilipokaribia walinyamaza, wakanisalimia kwa heshima, nami nikanunua omena ya shilingi mia nikaondoka. Kabla sijafika barabarani, niliwasikia wameanza tena.