Saa Zisizo na Bwana: Historia ya Mapumziko mjini Bujumbura

Juma la Bujumbura huhesabiwa kwa namna mbili. Siku ambayo Kiswahili huiita Jumatatu, yaani ya tatu, Kirundi huiita ku wa mbere, yaani ya kwanza. Kiswahili huanza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, siku ya msikiti. Kirundi huanza siku inayofuata Jumapili, ambayo jina lake ni ku w'Imana, siku ya Mungu. Kila lugha imelipanga juma kwa kufuata siku yake ya kuacha kazi. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako wengi huzungumza lugha zote mbili, hesabu hizi huishi nyumba moja bila kugombana.

Maneno yenyewe ya mapumziko yana asili yake. Raha na starehe yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika. Faragha nayo, ambayo leo ni hali ya kuwa mbali na macho ya watu, kwa Kiarabu ilikuwa nafasi tupu, muda usio na shughuli. Kirundi kina kuruhuka kwa kupumzika na kuyaga kwa kuzungumza. Kuyaga hakuhesabiwi kuwa kupoteza muda: mgeni asiyeketi kuzungumza huonekana amepita tu, hakutembelea.

Kabla ya mji, mapumziko yalifuata jua, mvua na mwezi. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walivua ndagala usiku wa giza kwa mienge, na baadaye kwa karabai, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru hutapakaa ziwa zima na ndagala hawakusanyiki tena chini ya taa. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi walipata siku kadhaa za kukaa pwani, kushona nyavu, kukarabati mitumbwi na kulala usiku kama watu wengine. Kwa wanaovua kwa taa, utaratibu huo ungalipo.

Milimani, kilimo ndicho kilichogawa mwaka. Jioni watu walikusanyika kwenye pombe ya ndizi, urwarwa, au ya mtama, impeke, ambayo wengi waliinywa kutoka chungu kimoja kwa mirija. Sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa umuganuro, ambapo mwami, yaani mfalme, alibariki mbegu za mtama mbele ya ngoma za kifalme na kufungua msimu wa kupanda. Umuganuro wa kifalme ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929, chini ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hizo za kifalme katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mji ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukiitwa Usumbura. Pamoja na askari walikuja wapagazi na wafanyabiashara wa njia za misafara, wengi wao Waislamu wazungumzaji wa Kiswahili wenye uhusiano na Ujiji na Tabora. Wabelgiji walipouteka mwaka 1916 waliufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Kadiri mji ulivyokua, Waswahili walikusanyika Buyenzi, penye barabara zilizonyooka zinazotajwa kwa namba. Hapo Ijumaa ilikuwa na uzito wake, na mwezi wa Ramadhani uligeuza usiku kuwa mchana wa mazungumzo.

Utawala wa kikoloni ulileta muda wa aina nyingine: saa za mwajiri. Aliyelipwa mshahara aliuza saa zake, na zilizobaki ndizo zilizokuwa zake. Lakini hata hizo zilitiliwa shaka. Mwafrika aliyeketi kivulini aliitwa mvivu, na kodi pamoja na kazi za lazima vilitumika kumwinua. Walowezi wenyewe walijenga vilabu kando ya ziwa na hawakuona uvivu ndani yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mbinu zilibadilika. Badala ya kukatazwa, mapumziko yakaanza kufundishwa. Kuanzia 1946 taasisi iitwayo Foyer Social ya Usumbura iliwafunza wanawake wa mjini kushona, kupika, kupiga pasi na kupanga nyumba kwa mtindo wa Kibelgiji, ili mume akitoka kazini akae nyumbani. Bia ya kiwandani ilifuata: Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, na chupa yake ya Primus ikachukua nafasi kubwa katika meza za mjini. Chungu kimoja cha watu wengi kikageuka chupa moja ya mtu mmoja, ingawa desturi ya mmoja kuwanunulia wenzake iliendelea.

Sehemu za starehe zilibeba siasa pia. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, aliyekuwa ameshinda uchaguzi na kushika uwaziri mkuu, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa mezani katika mgahawa wa Hotel Tanganyika, kando ya ziwa. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ukawa Bujumbura, na kwa miaka mingi uwanja mkuu wa mpira uliitwa kwa jina la Rwagasore.

Tangu mauaji makubwa ya 1972, saa za usiku zilichukuliwa na dola. Amri ya kutotoka nje usiku iliyowekwa mwaka huo iliondolewa Aprili 2006, baada ya miaka 34. Kizazi kizima kilikua bila kujua mji wake ulivyo baada ya usiku wa manane. Chini ya amri ya namna hiyo starehe husogezwa mbele: kinywaji huanza mara baada ya kazi, na sherehe hupangwa ili wageni wawahi kufika makwao.

Vita vilivyoanza 1993 viligawa hata mitaa. Katika mitaa ya kaskazini, wamisionari Wakatoliki walikuwa wamefungua Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana wa makabila yote chenye viwanja vya michezo, maktaba na muziki. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, kwa kuonyesha kwamba vijana wa makabila tofauti wanaweza kuishi pamoja kwa amani hata baada ya mitaa yao kupigana. Katika miaka hiyohiyo ilikua desturi ya kukimbia kwa makundi mwishoni mwa juma, watu wa mtaa mmoja wakienda pamoja kwa nyimbo na makofi. Machi 2014 utawala ulipiga marufuku mbio hizo mitaani na kuziruhusu katika viwanja vilivyoteuliwa tu, ukihofia kwamba vyama vya upinzani vilikuwa vikizitumia kukusanya watu.

Sura za mapumziko ya Bujumbura zinaonekana wazi jioni. Kabareni, yaani kwenye baa, mishikaki ya mbuzi na samaki wa mukeke wa kuchoma huliwa polepole, kwa sababu aliyeagiza hakuja kushiba tu. Buyenzi, wasiokunywa pombe hukaa barazani kwa kahawa na chai. Kwenye ubao wa igisoro, wenye safu nne za mashimo manane na kete 64, wawili hucheza na watazamaji hushauri bila kuulizwa. Jumapili mchana familia hushuka ufukweni, ambako viboko nao hutoka majini kula majani giza linapoingia.

Mwaka 2019 Gitega ukawa makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ukabaki mji wa biashara. Ratiba ya Jumamosi haikuhama na serikali. Asubuhi ni ya kazi za pamoja zilizoagizwa na utawala: kufagia, kuzibua mitaro, kufyeka. Saa nne hivi majembe huwekwa chini, viatu vya mpira hufungwa kamba, na muda uliobaki hurudi kwa wenyewe.