Gogol na Mkaguzi Wetu

Nikolai Gogol alifariki Moscow mwaka 1852, siku chache baada ya kuuchoma moto muswada wa sehemu ya pili ya riwaya yake kuu, ile ya mlaghai anayenunua majina ya watwana waliokwisha kufa. Huko Urusi jina lake halitajwi bila riwaya hiyo. Kwetu sisi wa Kiswahili limesimama juu ya tamthilia: *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, tafsiri ya Christon Mwakasaka iliyotoka mwaka 1979.

Mtu wa Kyela akiliona jina la mfasiri hahitaji kuelezwa. Hiyo "Mwa-" ndiyo tuitanayo kutoka Tukuyu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwakasaka ndiye pia aliyeandika, kwa Kiingereza, kitabu juu ya fasihi simulizi ya Wanyakyusa. Nami kila nikiisoma tafsiri yake ni kama namsikia msimulizi wa kwetu.

Lakini lililonishughulisha miaka mingi ni anwani. Gogol aliipa tamthilia yake neno moja tu, *Revizor*. Kiswahili kimelifanya manne. Je, ni ziada? Nilipokuwa mwanafunzi Kyela, mgeni mkubwa akitarajiwa, mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, nasi tukasimamishwa juani tangu asubuhi. Siku moja lilipita gari jeupe, tukaliimbia kwa nguvu zetu zote. Kumbe ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga! Kwa hiyo niliposoma habari za maofisa wa mji mdogo wanaomdhania kijana mfilisi kuwa mkaguzi kutoka St. Petersburg, wakampa rushwa kwa jina la mkopo, sikuona ugeni wowote. Hofu yao yote imo katika lile neno "Mkuu".

"Wa Serikali" ndiyo yenye mgogoro. Tamthilia ilipoigizwa mara ya kwanza mwaka 1836, Mfalme Nikolai wa Kwanza alikuwapo ukumbini na akacheka. Gogol mwenyewe aliondoka amevunjika moyo, akaenda nchi za nje. Mwaka 1846 aliandika maelezo akidai kuwa mji ule ni nafsi ya mtu, na mkaguzi wa kweli ni dhamiri. Mwaka uliofuata alichapisha barua za kuutetea utwana, na mhakiki Belinsky, aliyekuwa amemsifu kuliko wote, akamwandikia waraka mkali wa kumshutumu. Tangu hapo Gogol wamekuwa wawili: mkejeli wa watawala, na mcha Mungu mwenye hofu ya moto.

Anwani yetu imekwisha kuchagua. Msomaji wa leo akiisikia hukumbuka taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, si siku ya kiyama. Gogol wa mwisho angelalamika. Mimi nasimama na Mwakasaka: watoto wale walioimba juani hawakuwa wakiisubiri dhamiri.