Kathleen Clarke: Mjane aliyekabidhiwa siri za uasi

Mwanzoni mwa mwaka 1917, kijana wa miaka 26 aliyekuwa ametoka kifungoni muda si mrefu aliomba kazi ya ukatibu mjini Dublin, katika mfuko uliokuwa ukilisha familia za wapiganaji waliouawa na waliofungwa. Mwanamke aliyeuanzisha mfuko huo alipendezwa naye, akasimama upande wake hadi kazi ikapatikana. Kisha akampa kilichokuwa na thamani kuliko mshahara: majina ya watu wa IRB, chama cha siri cha kupigania jamhuri, waliotawanyika pande zote za Ireland.

Kijana huyo alikuwa Michael Collins, ambaye baadaye aliwahangaisha Waingereza kwa mtandao wake wa kijasusi. Ametungiwa filamu na kuandikiwa vitabu visivyo idadi. Kathleen Clarke, aliyemkabidhi majina, kwa kawaida hutajwa kwa sentensi moja, tena kwa jina la mumewe. Nadhani huko ni kumdhulumu. Katika miezi ile baada ya uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya Waingereza, viongozi wakiwa kaburini na wafuasi wao magerezani, yeye ndiye aliyezuia vuguvugu lile lisizimike.

Alizaliwa Limerick mwaka 1878, katika ukoo wa Daly ambao uasi kwao ulikuwa urithi. Nyumba ilikuwa na mabinti tisa na mtoto wa kiume mmoja tu, Ned, aliyezaliwa baba yao akiwa ameshafariki. Ndugu wa baba yao, John Daly, alikaa miaka mingi katika magereza ya Uingereza pamoja na mfungwa mwenzake Tom Clarke, na baada ya kuachiwa wananchi wa Limerick walimfanya meya wao. Kathleen mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa akisubiri riziki ya jamaa. Alifungua kazi yake ya ushoni na kuisimamia kwa mikono yake.

Tom Clarke alifika Limerick mwaka 1899. Alikuwa ametumikia miaka 15 gerezani, afya yake imedhoofika, na alimzidi Kathleen kwa miaka 20. Wazazi wengi wangelipinga penzi hilo, na ukoo ule, pamoja na mapenzi yao yote kwa mfungwa, ulisita. Kathleen hakusita. Mwaka 1901 alimfuata New York wakafunga ndoa, na mwaka 1907 wakarudi Ireland kwa sababu Tom aliamini wakati wa mapambano unakaribia. Walifungua duka la tumbaku na magazeti Dublin. Wateja waliingia kununua sigara. Wengine waliingia kupanga uasi.

Kathleen alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake iliyoundwa 1914 kuunga mkono wapiganaji. Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuwa ya hadharani. Wakuu wa IRB walijua kwamba wakishindwa wao watauawa, hivyo walihitaji mtu atakayebaki akizijua siri zote, awe nje ya mapigano, aendeleze kazi na kuwatunza wafiwa. Walimchagua yeye, wakamwachia pauni 3,100.

Uasi ulidumu siku chache tu. Tom, aliyekuwa wa kwanza kutia saini Tangazo la Jamhuri, alihukumiwa kifo. Kathleen naye alikamatwa, na usiku akachukuliwa kutoka Kasri la Dublin hadi jela ya Kilmainham kumuaga. Alikuwa mjamzito. Hakumwambia mumewe, asije akamwongezea uchungu. Alfajiri ya tarehe 3 Mei Tom alipigwa risasi. Usiku uliofuata Kathleen aliitwa tena jela ile ile, safari hii kumuaga Ned, mdogo wake wa miaka 25, aliyeuawa tarehe 4. Baada ya wiki chache mimba iliharibika.

Hata hivyo mfuko wa wafiwa ulikuwa umeshaanza. Kila pesa iliyofika mikononi mwa mjane au mzazi ilikuwa pia njia ya kujua nani yuko hai, nani anaaminika, nani atakuwa tayari tena. Ndiyo maana nasema mfuko ule ulikuwa zaidi ya sadaka. Collins alipoingia, hakuanza na mikono mitupu.

Mwaka 1918 Waingereza walidai wamegundua njama ya Ireland na Ujerumani, wakawakamata viongozi. Kathleen alifungwa Holloway, London, pamoja na wanaharakati wenzake Constance Markievicz na Maud Gonne, akawaacha watoto wake watatu wa kiume. Alipoachiwa 1919 aliingia kazini upya: diwani wa Dublin, hakimu katika mahakama za jamhuri zilizoanzishwa ili watu waziache za Waingereza, na mwaka 1921 mbunge.

Bunge hilo lilikuwa na wanawake sita. Mkataba na Uingereza ulipoletwa, ukiiacha Ireland chini ya kiapo kwa mfalme na kisiwa kikiwa kimegawanyika, wote sita waliupinga. Ulipita Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57, na Kathleen akajikuta upande ulio kinyume na Collins, yule yule ambaye yeye mwenyewe alimpa majina. Kiti chake alikipoteza mwaka huo huo.

Wapo waliosema wanawake hao waliongozwa na msiba. Maisha yake ya baadaye yanawajibu. Alijiunga na Fianna Fáil, chama cha Éamon de Valera, tangu kuundwa kwake, akawa seneta 1928 hadi 1936, lakini hakuwa mtu wa kupiga makofi tu. Serikali ya chama chake ilipoleta mwaka 1935 muswada wa kumpa waziri uwezo wa kuwazuia wanawake kazi za viwandani, aliupinga akiwakumbusha kwamba Tangazo la 1916 liliahidi haki sawa kwa raia wote. Alikuwa na haki ya kulitaja kuliko wengi waliokuwa wakilitundika ukutani.

Mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Meya wa Dublin, akimrithi Alfie Byrne aliyekuwa ameshikilia wadhifa huo miaka tisa mfululizo. Aliamuru picha ya Malkia Victoria iondolewe katika makazi ya meya. Vita vya Dunia vilipoanza, serikali ya de Valera iliwafunga na hata kuwaua wanajamhuri, na Kathleen hakukubali kwamba mikono ya Waairishi ndiyo ifanye yale yaliyofanyika Kilmainham. Mwaka 1943 alikihama chama. Mwaka 1948, akikaribia miaka 70, aligombea kwa tiketi ya Clann na Poblachta, akashindwa.

Mwaka 1965 alihamia Liverpool kwa mwanawe Emmet, na huko ndiko alikofia Septemba 1972 akiwa na miaka 94. Ireland ilimpa mazishi ya kitaifa, akazikwa Deansgrange, Dublin. Kumbukumbu alizoandika mwenyewe zilichapishwa 1991, zikihaririwa na Helen Litton, mjukuu wa ukoo wake. Miaka 75 ilikuwa imepita tangu uasi, na ndipo wasomaji walipopata kumsikia akiueleza kwa maneno yake mwenyewe.