Gari dogo la rimoti likigoma kukata kona, anza na springi za mbele

Swali lililotufikia studio kutoka Sombetini lilikuwa fupi. Msikilizaji ana gari dogo la rimoti, betri ni mpya, na kwenye mstari ulionyooka linakimbia vizuri. Likifika kwenye kona, usukani unageuka lakini gari linaendelea mbele kama halijasikia amri. Je, anunue mota yenye nguvu zaidi?

Jibu letu ni hapana. Mota kubwa italifikisha gari kwenye kona likiwa na kasi zaidi, na litagoma vilevile. Tatizo liko kwenye pua ya gari, na sehemu kubwa ya marekebisho haihitaji kununua kitu.

Tunazungumzia magari ya kipimo cha 1:28 hadi 1:18, kama Mini-Z ambayo kampuni ya Kyosho ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1999, au yale ya WLtoys kutoka China. Kipimo cha 1:28 maana yake ni gari halisi lililogawanywa mara 28. Lakini barabara ya mtaani haigawanywi. Kokoto ya sentimita 1, ambayo hata mtoto mwenye ndala haioni, kwa gari hilo ni sawa na jiwe la sentimita 28 mbele ya daladala. Ndiyo maana gari lililorekebishwa kwa ajili ya zulia la ukumbini linahangaika kwenye uwanja wa udongo.

Kabla ya kushika bisibisi, angalia gari lako limeundwaje mbele. Mengi ya magari madogo kabisa hayana shokapu za kweli: tairi linageuka juu ya pini nyembamba iliyosimama wima, fundi wa magari angeiita kingipini, na springi ndogo imevalishwa kwenye pini hiyo. Makubwa kidogo yana mikono ya juu na chini pamoja na shokapu zenye oili. Aina ya tatu ina ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi, kama Axial SCX24 ya kupanda mawe. Mpangilio huo wanaujua vizuri mafundi wa Arusha, kwa sababu Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazobeba watalii, hata baada ya Toyota kuzibadilishia springi za majani za mbele na kuziwekea za koili mwaka 1999, zilibaki na ekseli nzima. Kuna pia vifaa vya kuchezea vyenye springi za mapambo tu, zisizobonyea. Kama lako ni la namna hiyo, usijisumbue.

Anza na usafi. Inua gari, bonyeza kila tairi la mbele juu kwa kidole kisha liachie. Linapaswa kurudi lenyewe, taratibu na bila kukwama. Sasa chomoa kiungo cha usukani na ugeuze matairi kwa mkono. Yageuke kwa uzito mdogo sana. Gari la 1:28 huwa na uzito usiofika gramu 200, hivyo msuguano ambao kwenye gari kubwa usingeonekana, hapa unatosha kuikamata springi yote. Udongo wetu wa volkano kuzunguka Mlima Meru hutoa vumbi laini linaloingia kila mahali. Ukipaka grisi kwenye pini, vumbi linanasa na mchanganyiko wake unasaga plastiki kama msasa. Sisi tunapendelea kufuta pini kwa kitambaa kikavu, kisha kuisugulia unga wa risasi ya penseli. Unateleza, na haukamati vumbi. Angalia pia nywele na nyuzi za nguo zilizojisokota karibu na tairi. Utashangaa.

Sasa springi zenyewe. Gari likiingia kona, uzito unahamia upande wa nje. Springi za mbele zikiwa ngumu kuliko za nyuma, tairi la mbele la nje linabeba karibu kila kitu na lile la ndani linagusa ardhi kwa shida, na hapo pua inateleza kwenda mbele. Ukiweka springi laini zaidi mbele, matairi yote mawili yanagawana kazi na gari linakata kona. Kwenye udongo wenye kokoto ulaini una faida ya pili: tairi linashuka kwenye shimo na kupanda jiwe badala ya kuruka juu yake, na tairi lililo hewani haliwezi kugeuza gari. Usizidishe, maana springi laini mno huacha tumbo la mbele likwaruze ardhi. Njia rahisi ya kupima ni kuinua gari sentimita 5 hivi na kuliachia. Likidunda kama mpira, ni gumu. Tumbo likigonga sakafu, ni laini mno au liko chini mno.

Gari lenye shokapu za oili lina jambo moja la kuzingatia. Tumia oili ya silikoni inayouzwa kwa kazi hiyo. Oili ya injini inaweza kuvimbisha vizibo vya mpira, na ukitumia oili nzito sana shokapu inakuwa nzito kama springi ngumu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai oili huwa nzito kidogo, kwa hiyo usilaumu springi kabla jua halijatoka.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa pua za matairi. Aliyewahi kuendesha gari la waya lenye magurudumu ya ndala anajua: waya wa mbele ukipinda kidogo, gari zima linakwenda upande. Matairi ya mbele yakiangalia nje kidogo, gari linaanza kona kwa wepesi. Yakiangalia ndani, linatulia kwenye mstari lakini linachelewa kugeuka. Nyuzi 1 inatosha, na kwenye tairi la milimita 25 hiyo ni tofauti isiyofika nusu milimita, jicho haliioni. Chukua rula ya sentimita 30, iegemeze kwenye ubavu wa rimu ikielekea mbele. Nyuzi 1 itausogeza mwisho wa rula kama milimita 5, na hizo unaziona. Rekebisha kwa tairodi: ikiwa na meno ya skrubu pande zote mbili, ukizungusha katikati inarefuka au inafupika. Lakini kwanza rudisha trimu ya rimoti katikati, la sivyo utakuwa unarekebisha kosa lisilokuwepo.

Mlalo wa tairi, kile mafundi wanachokiita kemba, uwe mdogo: juu ya tairi ielekee ndani nyuzi 1 hadi 2. Weka gari juu ya kioo na upime kwa seti skweya ya mkebe wa hisabati. Baada ya kucheza kwa muda, tairi litakuambia lenyewe. Likilika zaidi upande wa ndani, punguza mlalo. Mwinamo wa pini kuelekea nyuma tungeuacha kama ulivyotoka kiwandani.

Kidogo kuhusu fani yetu ya redio: matairi yakitetemeka gari likiwa limesimama, hiyo si springi. Rimoti za zamani za megahetzi 27 huingiliana mbili zikitumia masafa yaleyale, ilhali za gigahetzi 2.4 zimepunguza tatizo hilo sana.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kiandike, kisha zungusha gari kwenye duara lilelile, kwa kasi ileile. Tulifanya hivyo na gari la msikilizaji wetu alipolileta. Pini moja ilikuwa imekwama kwa grisi na vumbi, na springi za mbele zilikuwa ngumu kuliko za nyuma. Tulisafisha, tukabadilishana springi, mbele zikaenda nyuma na nyuma zikaja mbele, kwa kuwa kwenye gari lake zilikuwa na ukubwa uleule. Kona linakata. Sasa akikanyaga kwa nguvu linatupa mkia, kwa hiyo ametuachia swali la pili, na safari hii ni la springi za nyuma.